Fumua

Mkono wa Fundi ulivunjika Jumamosi saa nne asubuhi, sebuleni kwa wifi yake, alipokuwa juu ya kiti akitundika mapazia aliyoyashona bure. Kiti kilikuwa cha magurudumu. Wifi alikileta mwenyewe kutoka chumba chake cha kazi, akasema kitamfaa kwa kuwa kinapanda na kushuka. Hakusema kwamba kinatembea pia.

Njiani kwenda hospitali wifi aliendesha gari kwa mkono mmoja, mwingine akampapasa majeruhi begani. Alimwambia avute pumzi, ahesabu mpaka saba, halafu ajiulize tukio hili limekuja kumfundisha nini. Fundi alihesabu mpaka saba. Alipofika kwenye swali akatapika juu ya zulia la gari, akaomba radhi, na wifi akamsamehe kwa sauti ambayo hata mlinzi wa getini aliisikia.

Daktari alisema mfupa umevunjika karibu na kifundo cha mkono wa kulia, na plasta itakaa wiki sita. Fundi alikuwa na swali moja tu: je, akiwa na plasta ataweza kushika mkasi? Daktari alicheka akidhani ni utani, akaita mgonjwa mwingine.

Lazima ielezwe kwamba wifi huyu hakuwa mtu mbaya. Kazi yake ilikuwa kuwakuza watu. Zamani aliuza vyombo vya plastiki, sasa aliendesha semina, na kwenye kadi yake ya biashara paliandikwa Mwezeshaji wa Ukuaji Binafsi. Semina yake kubwa iliitwa Kua Kupitia Magumu. Tatizo lake la kikazi lilikuwa moja: yeye mwenyewe hakuwahi kupata shida ya maana. Miaka minne mfululizo alikuwa akisimulia jukwaani jinsi gari lilivyomharibikia kwenye mvua akatembea dakika arobaini akiwa na viatu virefu, na wasikilizaji wake wa kudumu walishaanza kumalizia sentensi kabla yake. Mkono wa Fundi, kwa hiyo, ulivunjika wakati mwafaka.

*

Fundi alishonea nyumbani, katika chumba cha mbele ambacho kilijengwa kiwe sebule. Alikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia, na ugonjwa mmoja uliojulikana mtaa mzima: hakujua kusema hapana. Mtu akija na suruali ya kupunguza, akisema ni kidogo tu, Fundi aliipunguza bure, maana kidogo hakina bei. Akija na gauni na kusema analihitaji leo, kazi ya mwenzake aliyelipa wiki iliyopita iliwekwa kando. Watu walimsifu kwa moyo wake. Walimsifu zaidi wale ambao hawakuwahi kumlipa.

Safari hii, hata hivyo, alikuwa na kazi ya kulipwa. Shule ya jirani ilimpa oda ya sketi arobaini na tano za marinda, za wanafunzi wapya, na mwalimu mkuu alishatoa malipo ya awali. Kitambaa kilikuwa kimepangwa ukutani mpaka usawa wa dirisha. Shule ingefunguliwa baada ya wiki tano. Hata mtu asiyejua hesabu angeona kwamba wiki tano ni chache kuliko sita.

Mumewe alikuwa karani katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amegonga mihuri kwenye hati za mashamba ya watu wengine, na alikuwa mtu wa kufa na tai shingoni: hata siku za mapumziko alikwenda dukani kununua chumvi akiwa na tai. Nasema dukani, kwa sababu chumvi iliyokuwamo nyumbani hakujua inakaa wapi. Alipouona mkono wa mkewe alisikitika kwa dhati. Alikaa pembeni yake kitandani, akamwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo, apumzike, asifikirie kazi yoyote. Kisha akamuuliza wangekula nini mchana.

Wageni walimiminika. Hakuna aliyekuja mikono mitupu, kila mmoja alibeba ushauri. Mmoja alisema yeye aliwahi kuvunjika mguu na ndipo akili zilipomfunguka. Mwingine alisema anamwonea wivu, kwamba angetamani sana apate wiki sita za kukaa na kutafakari. Binti yao, msichana wa miaka kumi na saba aliyekuwa nyumbani akisubiri matokeo ya mtihani, aliwapelekea chai, akarudisha vikombe, akaviosha, akapeleka tena. Wageni waliomba kalamu na kuandika kwenye plasta. Ndani ya siku nne ilijaa: Hili nalo ni darasa. Umevunjika ili ung'ae. Tabasamu. Jirani mmoja muuza magodoro hakupata neno la hekima, akaandika namba yake ya simu.

Sufuria hakuna aliyeiosha.

*

Mwalimu mkuu alimwita siku ya tano. Binti alikuwa ametumwa sokoni, kwa hiyo aliyemvika Fundi blauzi ni mumewe, kwa haraka, huku akitazama saa. Alikosea kifungo cha kwanza, na vyote vilivyofuata vikafuata kosa hilo kwa utii. Fundi aliliona kosa kwenye kioo. Alifungua mdomo aseme, lakini mume alikuwa ameshachukua mkoba wake na alionekana kuridhika mno na kazi yake. Akatembea mpaka shuleni upande mmoja wa blauzi ukiwa juu, mwingine chini, kama pazia lililotundikwa na mlevi.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache aliyapima. Alimpa pole. Aliuliza sketi ngapi ziko tayari. Fundi akasema sita. Mwalimu mkuu aliitazama blauzi kwa muda, kuanzia shingoni kwenda chini, kifungo kwa kifungo.

"Fundi," alisema, "wazazi wataniuliza nani kanishonea. Nami nikikutazama wewe hapo ulipo, nitawajibu nini?"

Kisha akatoa masharti. Ijumaa kabla ya shule kufunguliwa, sketi zote ziwe mezani kwake. Zisipokuwepo atachukua kitambaa chake na malipo ya awali, na kazi yote, ya mwaka huu na miaka ijayo, ataipeleka kiwandani. Fundi alisema ndiyo. Alisema ndiyo mara tatu, ya mwisho akiwa tayari nje ya mlango.

Alirudi nyumbani, akajifungia chumbani, na kwa mkono wa kushoto akaanza kuvifungua vile vifungo. Ilimchukua robo saa. Alilia kidogo alipofika cha tatu, akaacha alipofika cha tano kwa sababu kilikuwa kigumu na kilitaka akili zote. Alipomaliza kuvifunga upya, kimoja baada ya kingine, mahali pake, jasho lilikuwa likimtiririka. Jioni aliwaita mume na binti kwenye chumba cha mbele.

"Sketi zitashonwa," alisema.

Karani aliuliza zitashonwa na nani.

"Na nyinyi."

*

Karani aliweka sharti lake: mapazia yafungwe. Hakutaka mtu wa mtaani, na zaidi ya yote mtu wa ofisini, amwone ameinamia sketi ya mtoto wa shule. Basi kila jioni akirudi kazini alivuta mapazia, akalegeza tai bila kuivua, akakaa kwenye kigoda na kupewa kazi ya pindo, vishikizo na zipu. Binti alikaa kwenye cherehani. Fundi alisimama katikati na kipande cha chaki katika mkono wa kushoto, akichora mistari iliyotetemeka, ambayo mkono wa kulia ungeionea aibu.

Shida haikuwa mikono yao, maana mikono hufundishika. Shida ilikuwa mdomo wake. Katika miaka ishirini ya ndoa Fundi hakuwahi kumwambia mumewe kwamba kitu alichofanya si sawa. Siku ya kwanza Karani alishona pindo lililopanda na kushuka kama njia ya milimani. Fundi alilitazama, akasema labda, kama hatajali, angeliangalia tena lile pindo, pengine kwa mbali lingeonekana limekwenda upande, ingawa huenda ni macho yake tu. Karani akaliangalia, akasema ni macho yake.

Siku ya pili alisema anadhani halijakaa sawa. Karani akamweleza, kwa upole wa mtu anayeelimisha, kwamba mtoto wa shule hukimbia, na pindo la anayekimbia halionekani.

Siku ya nne binti aligeuza marinda ya sketi tatu nyuma mbele, na Karani akashona zipu mbili juu chini, na wote wawili wakasema wamechoka, itoshe kwa leo. Fundi alihesabu siku zilizobaki. Akazichukua zile sketi tano, akaziweka mapajani mwao.

"Fumua," alisema.

Walimtazama. Hakuongeza samahani wala labda. Alibaki amesimama na chaki yake, naye mwenyewe akionekana kushangaa jinsi neno lilivyotoka likiwa fupi hivyo. Karani alitaka kusema jambo, akaona hakuna pa kulishikiza. Akachukua wembe, akafumua.

Tangu hapo neno hilo lilizoeleka katika nyumba ile. Wiki ya kwanza lilisikika mara kumi kwa jioni moja, wiki ya tatu mara mbili. Karani alijichoma vidole mpaka akawa anagonga mihuri ofisini kwa kiganja, lakini alianza kulijua kosa lake kabla ya kuambiwa. Jioni moja alilishika pindo, akalivuta, akaguna, akalifumua mwenyewe bila kuamriwa, huku akilaumu uzi. Binti aliinamisha uso kwenye cherehani ili baba asimwone akicheka. Halafu kuna siku Karani aliuliza, kwa sauti ya chini, kama kazi hii huwa inamuumiza mgongo namna hii siku zote. Fundi alisema ndiyo, siku zote. Jioni ile Karani aliosha vikombe. Alivunja kimoja.

*

Wifi naye alikuwa kazini. Alikuja wiki ya pili kumwomba Fundi atoe ushuhuda kwenye semina, na Fundi, ambaye neno lake jipya lilikuwa bado halijatoka nje ya chumba cha kushonea, alisema ndiyo kabla hajajua ameulizwa nini. Siku tatu baadaye kuta za mtaa zilikuwa na mabango yenye picha ya mkono wake, maandishi yote yakisomeka vizuri, pamoja na namba ya muuza magodoro, ambaye aliuza matano.

Wiki ya nne wifi alirudi kumfanyisha mazoezi. Simulizi alikuwa amemwandikia, kurasa mbili. Humo Fundi hakuanguka kwenye kiti cha magurudumu bali kwenye ngazi, kwa sababu kiti, alieleza wifi, kinachekesha. Mapazia hayakutajwa. Palisemwa tu kwamba alikuwa akihangaikia familia. Katika ukurasa wa pili, baada ya neno giza, paliandikwa kwa wino mwekundu: kilio. Mwishoni Fundi angeunyanyua mkono juu na kuushukuru.

"Niushukuru mkono?" aliuliza Fundi.

Wifi alisema hilo ndilo litakalowainua watu kwenye viti. Alimwomba ajaribu kidogo. Fundi aliinua plasta hadi usawa wa kidevu, akafikiria la kuiambia, akaishusha. Alisema inamuwasha.

Semina ilikuwa Alhamisi, siku moja kabla ya siku ya mwalimu mkuu. Alhamisi hiyo asubuhi zilibaki sketi kumi na moja. Karani alikuwa ameomba ruhusa kazini kwa sababu za kifamilia, jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwalaumu wenzake kwa kulifanya. Gari la wifi lilisimama mlangoni saa tatu. Aliingia amevaa suti nyeupe, mkononi ana gauni jeupe la Fundi, ili wafanane jukwaani.

Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya meza akipima kiuno kwa futi, ncha moja kaishika kwa meno. Aliiachia.

"Siendi, wifi."

Wifi alisema hata kama hajajiandaa si neno, atasoma tu.

"Sijasema sijajiandaa. Nimesema siendi. Nina sketi kumi na moja."

Wifi akavuta pumzi, bila shaka akihesabu. Alipofika saba alisema tiketi mia na ishirini zimeuzwa, watu wanatoka mbali, picha iko kwenye kila ukuta, na kwamba Fundi mwenyewe alikubali. Fundi akajibu ni kweli alikubali, na kwamba alikosea. Wifi akasema anaelewa, hii ni hofu, na hofu ndiyo mlango wa kukua. Fundi akasema huenda ni hofu, hajui, lakini kesho saa nne mwalimu mkuu atahesabu sketi, na mlango hautamhesabia.

Hapo wifi alimgeukia ndugu yake. Karani alikuwa kwenye kigoda na pini nne midomoni, sketi imetandazwa kutoka magotini mwake mpaka sakafuni. Wifi ndiye aliyekuwa mkubwa. Ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto, na maisha yake yote Karani hakuwahi kumpinga.

"Mdogo wangu," alisema, "zungumza na mkeo."

Karani alitoa pini ya kwanza, akaichoma kwenye kitambaa. Akatoa ya pili. Chumba kizima kilimsubiri. Binti alisimamisha cherehani. Karani alitoa ya tatu, akatoa ya nne, akafuta midomo.

"Dada," alisema, "umekanyaga sketi."

Wifi aliangalia chini. Kiatu chake kilikuwa juu ya rinda. Alikiondoa, akasimama kidogo kama mtu aliyesahau alichofuata dukani, akatoka na gauni lake jeupe. Waliusikia mlango wa gari ukifungwa kwa nguvu zisizotajwa mahali popote katika mafunzo yake.

Jioni walipata habari kwamba semina ilifana. Wifi aliusimulia ushuhuda mwenyewe, na palipoandikwa kilio alilia. Aliwaeleza watu kwamba mhusika hakuweza kufika kwa kuwa bado yuko katika hatua ya tatu ya ukuaji, yaani ukaidi, na ziko saba. Walimpigia makofi wakiwa wamesimama.

*

Ijumaa walipeleka sketi arobaini na tatu. Mbili hazikuwahi. Karani alizibeba begani katika furushi, mchana kweupe, kupitia barabara ile ile ya ofisini kwake, na wenzake wawili waliokuwa kibarazani walimpungia mkono kwa mashaka.

Mwalimu mkuu alizipindua moja moja, ndani nje. Kwa zile mbili pungufu alisema atakata malipo, na Fundi akasema ni haki, Jumatatu zitakuwepo. Kisha akaivuta moja, akasema zipu hii imepinda, nayo hatailipa. Fundi aliichukua, akaikagua ndani, akaikagua nje, akaifunga zipu na kuifungua.

"Hapana," alisema. "Hii haijapinda. Imeshonwa mara tatu mpaka ikanyooka. Utailipa."

Mwalimu mkuu alimtazama. Aliitazama na blauzi yake, ambayo ilikuwa imefungwa sawasawa. Aliuliza ni nani huyo aliyeishona mara tatu.

Palikuwa na walimu wengine wawili ofisini, na mmoja alikuwa na kesi ya kiwanja kwenye ofisi ya Karani. Karani alinyoosha tai.

"Mimi," alisema. "Mara ya kwanza niliiweka juu chini."

Sketi ililipwa.

*

Plasta ilipokatwa, ulitoka mkono mwembamba, umefifia, wenye harufu ya kabati la zamani. Daktari alisema kiganja hakitageuka tena mpaka mwisho, labda robo tatu. Fundi alijifunza kuushika mkasi upya kwa robo tatu hizo. Kuna asubuhi uliuma vibaya, naye hakuwahi kuushukuru.

Lakini neno lake alilitia kazini. Mwenye suruali ya kupunguza kidogo aliambiwa bei ya kidogo. Mwenye gauni la leo aliambiwa wiki ijayo. Wageni wa chai walipungua, kisha wakaisha, na mtaani pakasemwa kwamba kuvunjika kule kumemharibu yule mama, amekuwa na roho ngumu, zamani hakuwa hivi. Maneno yalimfikia. Hayakumuudhi alivyotarajia. Ukweli ni kwamba kukataa kulianza kumnogea. Kuna siku alikataa kabla mtu hajamaliza kusema shida yake, akarudi kwenye cherehani akiwa na furaha ya ajabu.

Ndivyo alivyofanya kwa mzee mmoja aliyesimama mlangoni mchana wa Alhamisi, mgeni kabisa kwake, amevaa koti jeusi. Mzee alisema mfuko umetoboka, funguo zinamwangukia njiani, na Fundi akasema hawezi, ana kazi nyingi. Mzee hakubembeleza. Alisema haya, mama, ahsante, akaondoka.

Fundi alishona mstari mmoja. Akaanza wa pili. Kupitia dirishani alimwona yule mzee akitembea polepole, mkono mmoja umeukamata mfuko kwa nje, kama mtu anayezuia damu. Aliacha mstari katikati, akatoka bila viatu vya nje, akamfikia pembeni ya duka la dawa huku akihema.

"Lete koti," alisema.

"Umesema huwezi."

"Nimesema. Lete."

Mzee aliuliza bei gani. Fundi alifikiria, kweli kweli, akiwa amesimama pale juani. Hakuna mtu aliyekuwa akimsukuma, wala kumsifu, wala kumwita jirani.

"Bure," alisema. "Lakini Jumatatu."

Mzee akasema alilitaka kesho, ana mahali pa kwenda.

"Jumatatu," alisema Fundi.

Mzee alimtazama usoni kuona kama kuna nafasi. Kisha akatoa funguo mfukoni, akalivua koti, akampa, akaendelea na safari yake akiwa na shati tu.